Barua kwa Salim: Kuhusu ile kaseti ya kijani

Tanga,
Jumapili jioni

Kwako Salim, rafiki yangu wa tangu utotoni,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote ulio nao huko Birmingham. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama bado una tabia ya kula mara moja kwa siku, na Idi ameniagiza nikukumbushe jambo ambalo amesema wewe mwenyewe unalijua. Ama baada ya salamu, uniwie radhi kwa kimya cha majuma matatu. Ujumbe wako ulinifikia siku ile ile, lakini swali uliloniuliza halikuwa la kujibiwa kwa mistari miwili nikiwa ndani ya daladala, nikaliweka kiporo hadi nipate jioni iliyotulia.

Kabla sijalijibu nina ombi, na ningependa ulitimize kabla hujaendelea kusoma: inuka ukaichukue mikononi mwa mpwa wako ile Sapphire, kaseti yako ya Pokémon, ule mchezo wetu wa kukamata viumbe na kuwapiganisha. Umeandika kwamba anataka kuanza mchezo upya. Salim, kaseti ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi; mtoto akianza upya kisha akahifadhi, kila ulichokikusanya tangu tukiwa kidato cha pili kitakuwa kimekwenda na maji. Mwambie lolote utakalo, mpe hata biskuti, lakini aiache. Sababu utaiona mbele.

Sasa swali lenyewe. Umeuliza kama inafaa utoe fedha kununua Pokémon Emerald uliyoiona dukani ilhali Sapphire unayo, ukaongeza kwa kejeli yako ya siku zote kwamba mchezo ni ule ule, waliobadilisha ni rangi ya kaseti tu. Nusu ya maneno yako ni kweli. Ruby, ile kaseti yangu, na Sapphire zilitoka Japani Novemba 2002, Emerald ikafuata Septemba 2004 na kufika Marekani Mei 2005, na nchi inayochezewa ni ile ile ya Hoenn, iliyochorwa kwa kufuata kisiwa cha Kyushu, yenye jimu zile zile nane, yaani kumbi za mapambano, na bahari ile ile isiyokwisha. Mtu akicheza saa mbili tatu za kwanza anaweza kuapa kwamba ameuziwa mtumba uliopigwa pasi.

Lakini hebu kumbuka tulivyokuwa tukibishana barazani kwa kina Mwanaidi. Wewe ulishikilia kwamba majambazi ni genge la Aqua, mimi nikaapa kwamba ni Magma na kwamba Aqua ni watu wema, na mzee akatufukuza kwa sababu ya kelele. Kumbe kila mmoja alisema kweli ya kaseti yake, kwa kuwa katika Ruby wabaya ni Magma wanaotaka kupanua ardhi, na katika Sapphire wabaya ni Aqua wanaotaka kupanua bahari. Emerald imetusuluhisha kwa kutufanya sote tuwe sahihi: magenge yote mawili ni mabaya, Groudon, dubwana la ardhi, na Kyogre, dubwana la bahari, wanaamka wote wawili, nao wanakutana kupigana katikati ya mji wa Sootopolis huku mvua na jua kali vikipokezana angani. Hapo huwezi kufanya lolote kwa mkono wako. Inakubidi upande mnara wa Sky Pillar ukamwamshe Rayquaza, joka la angani, aje awatulize; naye katika kaseti zetu alikuwa amelala tu juu kule akisubiri mtu aliyekwisha kuwa bingwa na asiyekuwa na kazi nyingine. Tangu nilipouona mgogoro huo ukitatuliwa namna hiyo, Ruby yangu naiona kama hadithi iliyochanwa katikati, nusu nikapewa mimi na nusu ukapewa wewe.

Mengine nitayapitia upesi. Pokémon wanapoingia ulingoni hujitikisa badala ya kusimama kama picha ya kitambulisho, jambo ambalo Crystal, kaseti iliyotangulia zetu, ilikuwa imelifanya mwaka 2000 na kaseti zetu zikaliacha. Bingwa wa mwisho si Steven tena bali ni Wallace. Steven unamkuta baadaye pangoni Meteor Falls, akiwa mkali kuliko bingwa mwenyewe. Kule jangwani ambako tuliokota kisukuku kimoja na kingine kikazama mchangani, sasa kuna mnara unaoonekana na kutoweka kama mazigazi, nao huporomoka ukishachagua. Ila kile ulichokiacha unaweza kukifukua baada ya kuwa bingwa. Tena wapinzani uliowashinda wanakupigia simu. Hilo sijui kama ni nyongeza au ni adhabu, maana wanapiga kama shangazi yangu wa Pangani: hawana habari yoyote, wanataka tu kukusimulia walichokiona asubuhi. Wachache tu ndio hupiga kwa jambo la maana, kuomba marudiano, na hata viongozi wa jimu hukubali kurudiana nawe, kila mara wakitoa Pokémon wawili kwa pamoja.

Hata hivyo, kama Emerald ingekuwa na hayo tu, ningekwambia ubaki na fedha zako. Kinachonifanya nikuandikie barua ndefu kiasi hiki ni kile kisiwa cha baada ya ubingwa. Kwenye kaseti zetu, ukishamaliza, unapanda meli unafika mahali penye mnara mmoja wa mapambano, unapigana hadi unachoka, basi. Emerald imejenga hapo mtaa mzima, Battle Frontier, wenye majengo saba na wakuu saba, na kila mkuu hutoa alama mbili, ya fedha kwanza na ya dhahabu baadaye. Mnara wetu umebaki kuwa mmoja tu kati ya hayo saba. Kila jengo lina sheria yake inayokunyang'anya silaha uliyoizoea. Katika Palace huruhusiwi kuwaamuru Pokémon wako, wanapigana wenyewe kwa kufuata tabia zao, nawe unasimama pembeni kama mzazi siku ya michezo ya shule. Katika Pyramid unaingia gizani bila kitu chochote cha kwako mkobani, unapapasa ghorofa saba ukiokota dawa utakazozikuta humo. Katika Pike unachagua mlango mmoja kati ya mitatu, na nyuma ya mlango huo kunaweza kuwa na tabibu au nyoka.

Lakini lililonikosesha usingizi ni Factory. Huko Pokémon uliowalea mwaka mzima hawana kazi. Unaonyeshwa sita wa kukodi, unachagua watatu, na ukimshinda mpinzani unaruhusiwa kumbadilisha mmoja wako kwa mmoja wake. Mapambano saba kwa mzunguko, ukishindwa moja unarudi mwanzo. Nilikuwa nimeazimwa Emerald ya Rashidi, ile halisi, na usiku mmoja nikafika pambano la 21, ambapo mkuu wa jengo, Noland, hujitokeza mwenyewe, naye pia hutumia wa kukodi kama wewe. Tulibakiwa na mmoja mmoja. Nikachagua shambulio kubwa lenye kukosea mara kwa mara badala ya dogo lisilokosea, kwa tamaa tu, na likakosea. Niliishika ile mashine kwa muda mrefu nikiutazama ule uso wa Noland, nikajua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikishinda kwa sababu Pokémon wangu walikuwa wakubwa kuliko wa wengine, si kwa sababu nilijua kucheza. Nami asubuhi yake Rashidi akaja kuchukua kaseti yake.

Ndiyo maana mwaka 2007 nilinunua ya kwangu, na hapa nakuonya. Aliyeniuzia aliniapia kwamba ni halisi. Nilicheza hadi nikawa bingwa, nikazima, na nilipowasha asubuhi kulikuwa hakuna kitu, kama kwamba sikuwahi kuishi Hoenn. Kwa hiyo ukirudi dukani iinue kaseti kwenye mwanga: gamba la Emerald ni la kijani kinachopenya mwanga, kwenye lebo pana tarakimu ndogo zilizogandamizwa ambazo utaziona ukiinamisha, na ukichungulia chini, juu ya meno ya shaba, utasoma neno Nintendo. Ikikuandikia kwamba betri ya ndani imekwisha, usiogope. Betri ile ni ya saa tu. Matunda hayataota na maji ya pango la Shoal hayatakupwa wala kujaa, lakini ulichohifadhi kitabaki.

Sasa nirudi kwa Sapphire, maana ulipaswa kuwa umekwisha kuichukua. Emerald inatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine: Pokémon kama Surskit na Masquerain, Meditite na Medicham, Roselia, Zangoose na Lunatone huwapati mwituni humo hata ukizunguka mwaka mzima. Lunatone unaye wewe, nilimwona kwa macho yangu. Zangoose yumo kwenye Ruby yangu, ambayo bado naitunza ndani ya kopo la maziwa. Mtu mwenye Emerald peke yake hawezi kuijaza orodha ya Pokémon wote wa Hoenn. Inabidi awe na marafiki wawili wenye kaseti za zamani ambazo hazijafutwa na watoto. Tena kile kifaa cha kuunganisha bila waya, ambacho Emerald inakikubali, Ruby na Sapphire hazikitambui, kwa hiyo hatuna njia ila ule waya wetu wa zambarau.

Basi nunua mbili, moja ya mpwa wako na moja yangu, nami nitakurudishia fedha kwa njia utakayoniambia. Je, dukani zilikuwa ngapi, na zote zina lebo? Ule waya uliondoka nao wewe au ulibaki kwa Idi, na je, hilo ndilo jambo analotaka nikukumbushe? Sapphire yako bado inawaka na jina lako bado limo, au imekwisha kukuandikia habari za betri? Mpwa wako alitaka kuanza na Pokémon gani, na umemwambia kwamba sisi sote tulianza na Mudkip halafu ukakana? Desemba unakuja kweli, au ni kama mwaka jana? Na kile kikohozi cha baba yako kimepungua?

Usiniandikie kwanza kuhusu bei. Niandikie kwanza kwamba Sapphire imo mfukoni mwako.

Rafiki yako,
Hamadi