Mwanangu, kabla hujasaini na hao wa kampuni

Mama,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka mwenyewe kitandani mpaka mama ako akaamka kuuliza kuna nini, nikamwambia kile kidude cha mwanao cha kupima unyevu wa mahindi kuna kampuni inakitaka, akasema asifiwe Mungu, alafu hapo hapo akauliza wanalipa sh ngapi.

Mi swali langu ni lingine. Huo mkataba umeusoma wote au umeenda moja kwa moja pale penye hela?

Si unajua nimemaliza miaka yangu yote karakana ya serikali. Kuna mashine ya kupukuchua tuliunda pale, chasisi yake nilichomelea mwenyewe kwa mikono hii, tukaipeleka maonesho ya wakulima ya Nanenane, mheshimiwa akaja akapiga nayo picha watu wakapiga makofi, ilivyorudi ikaingia stoo ikafunikwa turubai basi. Hakuna aliyetafuta kiwanda, hakuna aliyemuuliza mkulima ana uwezo wa kulipa ngapi, bajeti ilikuwa ya kutengeneza moja na kuandika ripoti. Siku nastaafu nikapita kuiaga nikakuta kuku wa mlinzi ametagia kwenye hopa, pale pa kumiminia mahindi. Alafu kuna fundi wa mtaani alikuja Nanenane ile ile na futi yake mfukoni, akaipimapima, anaziuza mpaka leo na wala simlaumu, yeye ndo kawafikishia watu.

Kwa hiyo sikwambii ukatae kampuni, peke yako utaishia na mayai ya kuku.

Mwangalie Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapo Tengeru, Arusha. Maji ya huku unayajua, meno yangu haya ya kahawia sio sigara, ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji. Yule bwana akachukua chujio la mchanga akaliongezea nanoteknolojia, yaani vitu vya chembe ndogo mno, maana mchanga unakamata uchafu na bakteria lakini floraidi inapita tu kama haijaona kitu. 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, yeye ndo wa kwanza kabisa kuipata. Watu walishangilia pauni, mi nilifurahia kilichofuata: akawa na kampuni yake, Gongali Model, na badala ya kusubiri kila kaya inunue chujio akawa anawakodishia wafanyabiashara wadogo mtambo, wao wanauza maji masafi kwa bei ambayo jirani anaimudu. Chuo nyuma yake, tuzo mkononi, na mtu wa mtaani anayepata riziki kwa kuuza. Hapo kitu kinatembea.

Sasa rudi kwenye karatasi yako, ukurasa wa pili, wanataka haki ya kukitengeneza na kukitumia "wao pekee". Hao si wanunuzi wa mahindi? Mkulima leo anaambiwa mzigo wako mbichi punguza bei, hana cha kubishia. Zamani bibi yako alikuwa anatikisa mahindi na chumvi kwenye chupa kavu, chumvi ikigandia kwenye chupa anajua bado hayajakauka. Kidude chako kinasoma kabisa kama unyevu umeshuka mpaka asilimia 13.5 ya mahindi makavu au bado, sasa kikikaa kwa mnunuzi tu mkulima asiwe nacho, umemtengenezea mwenzie fimbo ya kumpigia. Waambie muda maalum, mikoa maalum, na wasipokitoa sokoni ndani ya miaka miwili haki inarudi kwako. Wakinuna ndo utajua walikuwa wanataka kukilaza.

Na kabla ya hilo nenda chuoni kwenye ofisi yao inayoshughulika na haki za ubunifu, umetumia maabara yao na hela ya utafiti yao, kwa hiyo huenda kitu sio chako peke yako na wewe unataka kukiuza! Suala la hataza, ile haki ya mgunduzi inayosajiliwa serikalini kwa BRELA, ulifanye kwanza, ule uwasilishaji wa kongamano uusogeze mbele, ukishaonesha michoro yote ukumbini kwenye nchi nyingi unakuwa umejinyima mwenyewe. Alafu Wakala wa Vipimo, hicho ni kipimo cha biashara mama, bila wao kukihakiki dalali atasema kinadanganya na mzozo sokoni utaishia kwa mwenye sauti kubwa. Najua mnawaona wa serikali wanachelewesha, wanachelewesha kweli, ila stika yao ndo itakayomfunga dalali mdomo.

Nipigie picha ukurasa wa nne vizuri, sio kwa mbali kama ule wa kwanza. Na mama ako anasema ukija Jumamosi njoo na kidude chenyewe, ana gunia mbili anataka zipimwe kabla yule dalali hajafika.

Baba ako