Nilijifunza kujilinda, sasa nadaiwa jino

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa Mbagala, nina miaka 29, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Kazi yangu ni ushonaji, nina cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa Kariakoo. Naomba unisome mpaka mwisho, maana kila niliyemsimulia nusu amenipa jibu la haraka, na majibu hayo hayajanisaidia.

Miaka miwili iliyopita nilipigwa roba. Ilikuwa saa mbili usiku, nimeshuka daladala Zakhiem, nikakata kichochoro ninachokipita siku zote. Mkono ukanizunguka shingoni kwa nyuma, pumzi ikakata. Nilipozinduka nimekaa mchangani, simu sina, hela za wateja sina. Simu ilinunuliwa nyingine. Kilichobaki kuniuma ni kwamba mwili wangu haukujua la kufanya, ulilegea tu. Miezi mitatu mizima nikawa nafunga kazi saa kumi jioni, wakati wateja wangu ndio kwanza wanatoka makazini.

Mteja mmoja ndiye aliyenipeleka kwenye karate. Tunafanya Goju-ryu, mtindo wa Okinawa ulioasisiwa na Chojun Miyagi. Hapa Dar mtindo huu una mizizi, uliletwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, sensei, yaani mwalimu, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha pale shule ya Zanaki. Go ni ugumu, ju ni ulaini. Mimi nilikwenda kutafuta ugumu. Miezi ya mwanzo sensei wetu alinifundisha kusimama, kupumua na kuzuia. Tunasimama kwenye Sanchin, zoezi la kusimama imara na kupumua, anapita nyuma yetu anatupiga mabegani kwa kiganja kuona kama tumetulia. Nilikuwa natoka pale mabega yanawaka.

Kuhusu mtaani hakuwahi kutuficha. Ukiona kundi limekaa upande huu, vuka barabara. Akitaka pochi, mpe. Akikutukana, pita. Mkono unainuka pale tu ambapo huna pa kukimbilia. Hupenda kutukumbusha maneno ya Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan, ingawa huo si mtindo wetu, kwamba katika karate hakuna shambulio la kwanza. Hata Gekisai, kata (mfululizo wa mapigo na vizuizi) ya mwanzo tunayofundishwa, inaanza kwa mkono unaozuia juu. Nilivyaa mkanda wa njano, kisha wa kijani, na kwa miaka miwili sikugombana na mtu. Nilibadili njia, nikaacha kutembea na hela taslimu, konda akinijibu vibaya nashuka zangu. Niliamini nimeelewa.

Mwezi uliopita, saa moja na nusu jioni, mtu alivuta pochi yangu kwa nyuma. Ndani mlikuwa na shilingi 8,000 na daftari langu la vipimo. Shangazi, kama wewe ni fundi utanielewa, au ulizia fundi yeyote: lile daftari ndilo wateja wangu wote, kuna watu hawajapimwa upya tangu 2019. Nadhani ndilo lililonifanya nisiachie. Akavuta, nikashuka magotini kama tunavyofundishwa, akaja mwenyewe kwa uzito wake, kiwiko changu kikaenda nyuma. Nikasikia kitu kinakatika kama kifungo.

Nilipogeuka alikuwa chini, damu mdomoni. Mtoto, Shangazi. Miaka kumi na sita labda, ndevu hazijaota. Kabla sijasema neno mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Wewe unaishi Dar, unajua neno hilo linavyoita watu. Walitoka kwenye chipsi, walitoka kwenye bodaboda, mmoja ameshaokota tofali. Nikasimama juu ya yule mtoto, nikapaza sauti: "Si mwizi! Ni mdogo wangu huyu, tumegombana nyumbani!" Nikamwinua kwa mkono nikatembea naye, mkono kwa mkono, mbele ya watu wote, mpaka barabara kubwa. Mkono wake ulikuwa wa baridi na unatetemeka. Nilipomwachia alisema, "Asante dada," akakimbia. Nilifika nyumbani nikaoga, nikalia, nikalala nikiamini yamekwisha.

Wiki iliyofuata kaka yake akaja mpaka mlangoni. Ana fomu ya PF3, ile ya polisi ya majeruhi, na risiti ya hospitali. Anataka shilingi 350,000 za jino, la sivyo atanitaja polisi kwa kesi ya shambulio. Nikamwambia mdogo wako alinipora pochi. Akanijibu taratibu kabisa: "Dada, watu wote pale walikusikia. Ulisema ni mdogo wako mmegombana. Mwizi katoka wapi?"

Sikuwa na neno. Uongo niliomwokolea ndugu yake ndio huo huo ameushika mkononi.

Na si hela tu. Kijiwe cha bodaboda cha huyo kaka na wenzake kiko njiani kwangu. Kila jioni nikipita mmoja anasimama, anakunja ngumi, "Njoo basi mama karate, mmoja kwa mmoja." Juzi kijana akanishika mtandio. Nikahisi mguu wangu wa kulia umerudi nyuma peke yake na nyonga imeshuka. Sikuuamuru. Nikamwona mbavu zake ziko wazi, niliziona kabisa, kama ninavyoona mshono uliokaa vibaya. Nikasema, "Niachie mdogo wangu, nina haraka," akaniachia, wakacheka. Tangu siku hiyo nazungukia Mission, dakika ishirini zaidi kila jioni, na mtoto wangu ananisubiri kwa jirani.

Mume wangu anasema lipa, uache na karate yenyewe, mwanamke wa kupigana anajitafutia makubwa. Simlaumu, ana hofu. Shemeji yangu ndiye ananitisha zaidi, ameshakusanya wenzake wanne wanataka kwenda kijiweni "kuongea nao." Nimempigia magoti asiende. Nilijifunza nisiumizwe mimi, sasa wanaume kumi wanataka kuumizana kwa sababu yangu.

Nilimsimulia sensei kila kitu. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja: "Kiwiko kilipofika, mkono wake ulikuwa bado kwenye pochi?"

Sijamjibu mpaka leo. Nikiwa kwenye cherehani narudia ile nusu sekunde. Kamba ya pochi ilikuwa imekaza, halafu ikalegea, halafu kifungo kikakatika. Au kifungo kilikatika kwanza, ndipo kamba ikalegea. Siku nyingine naona hivi, siku nyingine vile, na siwezi kuapa. Nimesoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 18 kinaniruhusu kujitetea mimi na mali yangu, ila nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika. Kifungu cha 241 ni shambulio la kudhuru mwili, kifungo mpaka miaka 5. Mimi niko katikati ya vifungu hivyo viwili kwa kamba ya pochi.

Shangazi, nifanye nini? Nikimpa hela kaka mtu mlangoni, bila shahidi, nimekiri kosa na mwezi ujao atarudi na jino la pili. Nikienda polisi kueleza kwamba niliporwa, nitakuwa namtia mikononi mwa sheria mtoto niliyemtoa kwenye tofali, tena baada ya kudanganya mbele ya watu. Nikinyamaza, naogopa siku moja mguu wangu hautaishia kurudi nyuma. Na nikisema ukweli mtaani ili nijisafishe, nimemwita mwizi kwa mara nyingine, na safari hii sitakuwepo kumsimamia.

Mwenyewe naegemea jambo moja, unisahihishe kama ni ujinga. Nataka twende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mimi, mume wangu, kaka mtu, na yule mtoto mwenyewe awepo. Nieleze yote, pamoja na ile nusu sekunde. Kisha nichangie matibabu ya jino, labda nusu, iandikwe wazi kwamba ni msaada na si fidia, na kijiwe kiambiwe kiniachie njia yangu. Jirani yangu anasema mwenyekiti atanicheka. Dada mmoja pale dojo, ukumbini tunapofanyia karate, anasema nitafute kwanza msaada wa kisheria kwa wanasheria wanawake kabla sijaandika chochote. Je, karatasi ya mwenyekiti inaweza kunigeukia mahakamani? Kuna msomaji amewahi kupita hapa?

Kuhusu karate sitaki kuacha, na sijui kama hilo ni jibu la mtu mwenye akili timamu au la mtu aliyezoea. Nikiacha, narudi kuwa yule aliyekaa mchangani. Nikiendelea, nahitaji mtu aniambie jinsi ya kuuzuia mguu unaotangulia moyo. Sensei ananirudisha kwenye Sanchin, nipumue tu, hataki nipige chochote kwa sasa. Nakwenda Jumanne na Alhamisi, nasimama, nanyamaza.

Kaka mtu amenipa mpaka tarehe 30, atakuja asubuhi. Nitaliacha daftari la vipimo kwa mama Tandika siku hiyo.

Mwanao,
Fundi wa Mbagala