Harambee ya Vyoo Kuzuia Kifafa cha Tegu

Ndugu wapendwa, tunachangisha fedha za vyoo ili kupunguza kifafa. Wengi wamezoea kulaumu nyama ya nguruwe, na hapo ndipo ugonjwa huu unapowapotosha.

Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva, nayo ina vifuko vya mabuu, hupata tegu utumboni: mnyoo wa mita 2 hadi 7 anayeweza kukaa miaka bila kumsumbua. Pingili moja iliyokomaa, ikitoka na kinyesi, hubeba mayai kama 50,000. Yakifika mdomoni kwa mkono usionawiwa, maji au mboga mbichi, huanguliwa tumboni, mabuu hupenya kwenye damu na mengine hutua ubongoni na kuwa vifuko vinavyoleta kifafa. Basi hata asiyewahi kuonja nguruwe huweza kuanguka kifafa. Yatosha aishi nyumba moja na mwenye tegu. Shirika la Afya Duniani linahusisha tegu huyu na asilimia 30 ya kifafa katika maeneo mengi yaliyoathirika.

Kila choo kitakuwa na shimo lililo mita 30 au zaidi kutoka kisimani, sakafu ya zege ya sentimita 8 yenye nondo, mfuniko wa tundu, na ndoo ya bomba yenye sabuni. Zege ni ndoo 1 ya sementi, 2 za mchanga, 3 za kokoto, na imwagiliwe maji siku 7. Ikikaushwa haraka hupasuka. Mlango lazima ufungike. Watu huuona kama urembo, kumbe ndio unaomzuia nguruwe asile kinyesi na kuanzisha mzunguko upya.

Tafadhali msitununulie dawa za minyoo za kugawa. Mwenye vifuko ubongoni akimeza prazikwanteli au albendazoli bila uangalizi, mabuu yanapokufa ubongo huvimba na degedege huzidi. Sehemu ya fedha italipia nauli ya wagonjwa wa kifafa kwenda hospitali na picha ya ubongo. Daktari ataamua kuhusu albendazoli, pamoja na steroidi za kutuliza uvimbe. Dawa za kifafa zisikatizwe. (Na aliyeanguka msaidieni bila hofu: povu lake haliambukizi kifafa.)

Asiye na fedha alete mchanga, kokoto, au siku moja ya kuchimba. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, hata wa vifaa.