Kioska hakikufa kwa amri ya Roma

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapisha juu ya lugha zilizokufa ilidai kwamba Roma, kila ilipoteka mji wa Italia, ilipiga marufuku lugha ya wenyeji. Naomba nafasi nipinge dai hilo, kwa kuwa kumbukumbu zilizopo zinaeleza jambo tofauti.

Kilatini kilianza kama lugha ya Latium, eneo dogo upande wa kusini wa mto Tiber. Mbali zaidi upande wa kaskazini kilisemwa Kiumbria, na katika milima ya Wasamni hadi kusini kilisemwa Kioska. Lugha hizo zilikuwa ndugu wa Kilatini, wala si watoto wake: Mrumi aliposema "quis", yaani nani, msemaji wa Kioska alisema "pis". (Kietruski, lugha ya Waetruski waliokuwa majirani wa Roma upande wa kaskazini, ambacho mwandishi wenu amekichanganya humo, hakimo kabisa katika ukoo huo.)

Sasa, mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 180 KK watu wa Cumae, mji uliokuwa ukitumia Kioska, ndio walioiomba Roma iwaruhusu kutumia Kilatini katika shughuli za umma na wanadi wao kunadi bidhaa kwa Kilatini. Mtu haombi ruhusa ya kufanya jambo analolazimishwa. Walichokitafuta, kwa maoni yangu, ni heshima na soko.

Sisemi kwamba wote waliridhia. Washirika wa Roma walipoasi mwaka 91 KK, baadhi ya sarafu zao ziliandikwa kwa Kioska "Víteliú", yaani Italia, na nyingine zilichorwa fahali akimpiga pembe mbwa mwitu, ambaye kila mtu alijua ni alama ya Roma. Roma iliwashinda kwa silaha, lakini pia iliwapa uraia walioutaka, na baada ya hapo aliyetafuta cheo, kesi au ajira jeshini alihitaji Kilatini.

Mabadiliko hayo yanaonekana hata katika ibada. Vibao saba vya shaba nyeusi vilivyopatikana katika mji wa Gubbio, Italia, mwaka 1444 vina taratibu za dhabihu kwa Kiumbria. Vya zamani vimeandikwa kwa alfabeti ya Waumbria wenyewe, na vya baadaye kwa herufi za Kilatini, ingawa maneno yangali ya Kiumbria. Makuhani hao walikuwa bado wanasali kwa lugha ya mama, lakini inaelekea walikuwa wamejifunza kusoma kwa herufi za Kirumi.

Msomaji wenu,
Morogoro