Piga hesabu ya andazi moja kabla hujalitangaza

Mhariri,

Kurasa za biashara za magazeti yetu hazikosi ushauri kwa mjasiriamali mdogo: fungua ukurasa Instagram, posti kila siku, jenga jina. Ushauri si mbaya, ila umeanzia mkiani. Anayepoteza shilingi 5 kwa kila andazi hana shida ya wateja. Kila mteja mpya anamwongezea hasara, na siku akipata oda ya shule nzima ndiyo mtaji umekwisha. Naomba nafasi niipige hesabu hiyo hadharani, kwa andazi, kwa kuwa ni biashara inayoanzwa kwa mtaji wa siku moja na wengi hufunga bila kujua kilichowafilisi.

Bei nitakazotumia ni za mfano. Kila mtu aweke za sokoni kwake. Unga wa ngano kilo 5 kwa shilingi 2,000 kilo moja ni 10,000. Sukari gramu 750 kwa 3,000 kilo, 2,250. Hamira gramu 50, 1,500. Iliki, 1,000. Nazi 3, 4,500. Mafuta yatakayonywewa na maandazi karaini, lita 1 na nusu kwa 6,000 lita, 9,000. Mkaa 4,000 na mifuko ya karatasi 1,500. Jumla 33,750. Tui likiongezwa maji likafika lita 2 na nusu, donge zima lina uzito wa kilo 8.3 hivi, na ukikata vipande vya gramu 50 utapata kama 165. Gawanya: kila andazi limekula shilingi 204 na ushee. Dirishani umeandika 200.

Mbona basi mwenye biashara anaona hela mkononi jioni? Kwa sababu mafuta yalinunuliwa juzi, mkaa ulikuwepo tangu wiki iliyopita, na iliki ilitoka kabatini mwa nyumbani. Anachokumbuka ni unga na sukari tu. Siku dumu la mafuta na gunia la mkaa vinapokwisha kwa pamoja ndipo anaanza kukopa.

Wengi hapa hukimbilia kupandisha bei, lakini bei ya andazi haisogei kidogo kidogo. Huwezi kuuza kwa 215, maana chenji hiyo hakuna. Kutoka 200 unaruka hadi 250 au 300, na mteja wa asubuhi anahamia kwa jirani. Uzito ndio unaosogea. Donge lile lile likikatwa gramu 40 linatoa maandazi 205, na gharama ya kila moja inashuka hadi 165. Gramu 10 hizo, ambazo jicho halizioni, ndizo zinazotenganisha faida na hasara. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua ni mizani ndogo ya jikoni, kabla ya bango na kabla ya simu yenye kamera nzuri. Si lazima upime kila kipande. Pima donge la kilo 1, lisukume, likate vipande 25 sawa, na baada ya siku chache mkono utazoea. Ila rudia kupima mara moja kwa wiki, kwa kuwa mkono una huruma na vipande hunenepa taratibu bila wewe kujua.

Bado hatujamlipa mtu. Weka ujira wa 8,000 kwa siku, hata kama mpishi ni wewe mwenyewe, kwa sababu siku ukiugua utamlipa wa kukushikia. 33,750 na 8,000 ni 41,750. Gawa kwa 205, tumerudi kwenye 204. Ndiyo maana nasema hesabu hii isifanywe kwa kichwa.

Penye nafasi kubwa ya kuokoa ni kwenye mafuta, na hapa nitakaa kidogo. Andazi hunywa mafuta kupita kiasi kwa sababu chache zinazojulikana. Karai halijapata moto wa kutosha. Vipande vingi vimetumbukizwa kwa mpigo, joto likaanguka. Donge lina maji mengi. Au limeumuka kupita kiasi, na joto la Dar es Salaam au Tanga hufanya hivyo upesi; saa moja hadi moja na nusu kwa kawaida inatosha. Joto linalofaa ni nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto atumbukize kipande kidogo: kikikaa chini bila kupanda, mafuta ni baridi, kikirukia juu na kugeuka kahawia papo hapo, yamepita kiasi na ndani patabaki pabichi, kikizama kidogo kisha kikapanda na mapovu madogo, anza kazi. Sukari ikizidi huleta udanganyifu mwingine: ngozi inawahi kuwa kahawia, mpishi anadhani limeiva, mteja anauma unga.

Ili kujua yamenywewa kiasi gani, pima mafuta kwa jagi kabla ya kuyamimina, kisha pima tena yakishapoa na kuchujwa. Tofauti ndiyo gharama yako. Anayelinda joto anaweza kushuka kutoka lita 1 na nusu hadi lita 1 na kidogo, tuseme 1.1, yaani 6,600 badala ya 9,000. Yakianza kutoa povu zito, kuwa meusi na kufuka moshi kwenye moto wa kawaida, yaondoe. Kuyaongezea mapya juu yake ni kuharibu mapya. Unga nao ukinunuliwa kwa mfuko wa kilo 25, tuseme kwa 45,000, zile kilo 5 zinashuka hadi 9,000. Umeokoa 3,400 bila kumgusa mteja.

Sasa, kwa gharama hizo zilizoshuka, tenganisha bidhaa mbili. Andazi la kawaida, lisilo na nazi wala iliki, la gramu 40: viungo, mkaa na mifuko 24,850, ujira 8,000, jumla 32,850. Maandazi 205 kwa 200 ni 41,000. Inabaki 8,150, kama shilingi 40 kwa kila moja. Andazi la nazi na iliki, la gramu 50, liuzwe 300: gharama pamoja na ujira 38,350, mauzo ya 165 ni 49,500, inabaki 11,150, yaani 67 kwa kila moja. Kosa linaloonekana kila mtaa ni kuuza hili la pili kwa bei ya lile la kwanza, eti ili kuvuta wateja. Wanakuja kweli, wanakula nazi yako, na siku ukipandisha bei wanaona umewaibia.

Hapo ndipo tangazo linapopata kazi. La kawaida linajiuza lenyewe kwa wapita njia wa alfajiri. La nazi ndilo la kutangazwa, kwa sababu ndilo lenye sababu ya kuelezwa na lenye nafasi ya kulipia gharama ya kuelezwa. Ukilipia tangazo la mtandaoni la shilingi 10,000, unahitaji kuuza maandazi ya kawaida 250 zaidi ili tu kurudisha fedha hiyo. Ya nazi ni 150. Andika namba hiyo kabla ya kulipa. Kama jiko lako halina uwezo wa kutoa 150 za ziada, tangazo hilo si lako bado.

Kwa biashara ya ukubwa huu WhatsApp Business, ambayo haina malipo, inafaa kuliko kurasa zenye wafuasi wa mikoa mingine, maana mtu wa Mwanza hatakunywa chai na andazi la Temeke. Weka bidhaa na bei kwenye katalogi. Weka ujumbe wa kujijibu wenyewe usiku. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ujumbe unaotumwa kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kukusanya namba za wateja hakutoshi. Wao ndio wahifadhi yako. Iandike kwenye mfuko wa karatasi na umwombe mteja aihifadhi akiwa bado amesimama mbele yako.

Status hudumu saa 24. Iweke saa 11 jioni, watu wanapoanza kufikiria chai ya kesho, na iwe na mambo matatu: picha, bei, na mwisho wa kupokea oda, tuseme saa 2 usiku. Picha ipigwe mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, andazi moja likiwa limepasuliwa ili matundu ya ndani yaonekane. Isiwe picha ya kuokota mtandaoni, mteja atalinganisha. Na tafadhali sana, hii desturi ya kuandika “bei njoo DM” ikome. Mtu wa andazi la 300 hawezi kufanya mazungumzo ya faragha kuhusu andazi.

Oda za usiku zina faida kubwa kuliko wateja wapya: zinakuambia ukande unga kiasi gani. Maandazi 20 ya kawaida yakilala, ni shilingi 4,000 zimepotea, karibu nusu ya faida ya siku. Heri kuishiwa saa 3 asubuhi.

Oda za ofisini zinavutia, ila zina bodaboda. Nauli ikiwa 3,000, inakula faida ya maandazi 45 ya nazi. Anayepeleka maandazi 50 bure amefanya kazi kwa faida ya matano. Nauli ailipe mteja na iandikwe wazi kwenye katalogi, au oda tatu za njia moja zipande pikipiki moja. Kwa Mangi wa dukani, bei ya jumla ya 170 inakuachia shilingi 10 kwa andazi la kawaida. Inawezekana kwa sharti kwamba anacholipia hakirudi. Akiruhusiwa kurudisha yaliyolala, umembebea hasara yake pamoja na yako.

Kuhusu vifungashio, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo karatasi ndiyo njia. Lakini iwe karatasi safi. Wino wa magazeti huhamia kwenye chakula cha moto chenye mafuta. Mniwie radhi, Mhariri: gazeti lenu lisomwe, lisifungiwe maandazi.

Fedha ya biashara ikae kwenye laini yake, na lipa namba isiwe ile unayopokelea michango ya harusi. Daftari linahitaji safu tano tu kila siku: unga uliotumika, vipande vilivyotoka, vilivyouzwa, vilivyobaki, vilivyokopwa. Wanaokula bure nyumbani waandikwe pia. Watoto wakichukua 10 kila asubuhi kwa siku 26 ni 52,000 kwa mwezi kwa bei ya kuuzia. Wale, hakuna anayewakataza, ila usije ukasema biashara ndiyo mbaya.

Daftari hilo ndilo litakalokuambia kama mkopo unakufaa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini haimaanishi haina marejesho. Chukua andazi la kawaida kwa siku 26: yakiisha yote, faida ni 211,900 kwa mwezi, na rejesho la 100,000 linabebeka. Yakilala 20 kila siku, faida inashuka hadi 107,900, na rejesho lile lile linakuachia 7,900. Mkopaji ni yule yule, karai ni lile lile. Ofisa wa maendeleo ya jamii anayeshughulikia mikopo hiyo angeanza kwa kuuliza safu ya “vilivyobaki” kabla ya kuuliza katiba ya kikundi kinachoomba.

Gazeti lenu linaweza kusaidia kwa jambo dogo. Kila Jumatatu, pembeni ya bei za mazao ya jumla, chapisheni bei za rejareja za unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula, nazi na mkaa kutoka masoko machache, zote kwa kilo au lita na nazi kwa moja, siyo kwa kopo, fungu wala kipimo. Mama lishe ataweka namba hizo mahali pa zangu, na hesabu yote hapo juu ataimaliza kabla unga haujaumuka.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam