Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tulioanza Kuulizana "Kwa Nini Unaipenda?"

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutazama muvi za kutisha, salaam kwenu nyote, wakongwe na nyie mliojiunga mwaka huu. Mambo ya mapato na matumizi mweka hazina atayasoma mwenyewe kwenye mkutano, kwa hiyo mi ntakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo naona ndo limetubadilisha kuliko mengine yote, nalo ni ile sheria ndogo tuliyopitisha mwanzoni mwa mwaka, kwamba anayechagua muvi lazima asimame mbele kabla taa hazijazimwa aseme kwa nini anaipenda. Si kuhadithia stori, stori tutaiona wenyewe. Aseme yeye anaipenda kwa nini.

Mnakumbuka kuna waliopinga, wakasema tumekuja kutishwa sio kuhutubiwa, na niliwaelewa kabisa. Lakini angalieni tulivyokuwa tunaishi kabla ya hapo, tunakuja, taa zinazimwa, tunapiga makelele, taa zinawashwa, kila mtu anashika njia yake. Mtu anakaa kiti kimoja na mwenzake miaka mitatu na hajui mwenzake anaogopa nini wala anatafuta nini humo gizani. Mtu wa kwanza kusimama chini ya sheria mpya alikuwa dada mmoja mkimya sana, ameshika kikaratasi kimekunjwa mara nne, akakifungua, akakiangalia, akakikunja tena bila kukisoma, akasema "naipenda kwa sababu nikiwa ndani yake siwazi kitu kingine chochote", akakaa. Basi. Ukumbi ulinyamaza, na mi nilijua hapohapo kwamba hii sheria haitoki.

Kikao cha pili ndo kile cha spika. Mzee wetu mmoja alichagua Halloween ya mwaka 1978 ya John Carpenter, akasema anaipenda kwa sababu yule muuaji wa barakoa hakimbii, anatembea tu, na mtu asiyekimbia maana yake ana uhakika atakufikia. Tukaanza vizuri, ilipofika kama robo hivi spika ikafa. Wakati kijana wetu wa mitambo anahangaika na waya sisi tukaendelea kuangalia picha bila sauti, labda dakika kumi, na aisee hofu yote ikakauka, yaani yule mtu kasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa anatazama juu dirishani na sisi tumekaa tunaona mashuka tu. Halafu sauti ikarudi ghafla, ile piano, na mtu aliyekaa mbele yangu akapandisha miguu yote miwili juu ya kiti kama vile sakafu imejaa maji.

Baadaye mzee akatuambia kitu ambacho wengi tulikuwa hatukijui, kwamba Carpenter mwenyewe yalimkuta hayohayo. Alimuonyesha ile muvi mama mmoja wa kampuni ya filamu kabla haijatiwa muziki, na yule mama hakuogopa hata kidogo. Carpenter akarudi akapiga muziki mwenyewe, kwa mdundo wa tano kwa nne, yaani mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea, ambao baba yake alimfundisha kwenye zile ngoma ndogo pacha zinazoitwa bongo akiwa mdogo, ndo ule unaokwenda kama unachechemea, sikio linasubiri utulie na hautulii. Na ile barakoa inayotutoa jasho ilikuwa barakoa ya dukani tu, sura ya kapteni wa Star Trek, ile tamthilia ya tivii ya safari za anga, wakaipaka rangi nyeupe na kutanua matundu ya macho. Toka siku ile mi kila muvi nasikiliza kwanza ndo natazama, na nashukuru kwamba ile spika ilikufa. Imeshatengenezwa, lakini.

Hapo ndo ukaja ule ubishi wa mwaka mzima, kipi kinatisha zaidi, unachokiona au usichokiona. Kundi la usichokiona wana Jaws ya mwaka 1975 mkononi na ni ushahidi mzito, maana wote tunajua yule papa wa mashine alikuwa anaharibika kila wakati kwenye maji ya chumvi, ikabidi Steven Spielberg apige picha za maji, mapipa yanayoelea na pezi, huku noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams zikifanya kazi ya meno. Wakaleta na Alien ya 1979, kwamba lile dude zima likiwa limeshakua linaonekana dakika chache sana kwenye muvi ya karibu saa mbili. Upande wa pili wakasimama na The Thing ya 1982, Carpenter tena, na kijana aliyeichagua alisema neno ambalo limenibakia. Alisema yeye hapendi damu, anapenda mikono. Yaani akiona kile kichwa kinachoota miguu na kutembea haoni jini, anaona watu waliokesha na mpira, gundi na rangi, na kwamba Rob Bottin, fundi aliyeyatengeneza yale madude, alianza kazi ile akiwa na miaka 22 tu, na hamna kompyuta hata moja iliyomsaidia pale.

Mi bado niko upande wa usichokiona, siwafichi. Lakini nilivyoitazama tena baada ya maneno yake niliona kwa macho mengine kabisa ile sehemu ya kupima damu kwa waya uliopashwa moto, kujua nani si binadamu tena. Wanaume wamefungwa kwenye viti, waya unagusa sahani moja, hamna kitu, unagusa ya pili, hamna kitu, hapo hujaona chochote na tayari umeshikwa pumzi, halafu kinachotokea ni kitu cha mikono. Inawezekana zile pande mbili ni upande mmoja, endeleeni kubishana.

Kwenye muvi za sabtaito tulipiga hatua kubwa. Mwaka juzi tulivyoleta ya Kijapani watu walilalamika kusoma kunawatoa mchezoni, mwaka huu hakuna hata mmoja aliyelalamika, nadhani kwa sababu ya yule mwanachama aliyetuletea Ringu ya Hideo Nakata, ya 1998. Kabla taa hazijazimwa alitoa simu akatuonyesha video yake mwenyewe anatembea koridoni, na kuna kitu hakikuwa sawa ila hujui ni nini, mabega yanaondoka kabla ya miguu, nywele zinatangulia kichwa. Kumbe alijirekodi anatembea kinyumenyume halafu akaigeuza. Ndo walivyofanya kwa Sadako, yule mzuka wa kike wa kwenye Ringu, pale anapotoka kisimani na kuja kwenye tivii, aliyeigiza alitembea kinyumenyume na filamu ikarudishwa. Mtu angesema ukishajua siri utaacha kuogopa. Tulijua wote, na alipotoka kwenye ile tivii watu wakashikana mikono safu nzima. Train to Busan ya Korea, 2016, nayo ilipita vizuri, na niliona watu wanalia kwenye muvi ya zombi, jambo ambalo sikutegemea.

Sasa nije kwenye kikao ambacho nataka kibaki kwenye kumbukumbu za chama. Mwenzetu mmoja alichagua The Babadook, ya Jennifer Kent wa Australia, ya 2014. Ni mama anaishi na mtoto wake wa kiume, mume alikufa kwenye ajali akiwa anampeleka hospitali kujifungua huyohuyo mtoto, na siku moja kinatokea kitabu cha hadithi nyumbani hakijulikani kimetoka wapi. Mwenzetu aliposimama akasema sisemi sasa hivi, naombeni niseme mwishoni. Kisheria hairuhusiwi, na niliamua palepale kumruhusu, lawama kama ipo iwe yangu.

Muvi ikaisha. Mnajua inavyoisha, na kama hujaiona ruka hii paragrafu. Lile dude haliuawi. Linabaki chini kwenye stoo ya nyumba, na yule mama na mtoto wake wanakusanya minyoo bustanini kwenye bakuli, mama anashuka nayo taratibu, linamrukia, anayumba, analituliza, anarudi juu, na mtoto anamuuliza lilikuwaje leo, naye anajibu kwamba leo lilikuwa tulivu. Taa zikawaka. Mwenzetu akasimama akasema, "Mama yangu alipofariki kila mtu aliniambia itapita. Kila mtu. Hii ndo ya kwanza haikuniambia itapita. Iliniambia itakaa chini na ntakuwa naishukia na bakuli." Halafu akasema kuna siku anashuka na linakuwa limetulia. Hatukupiga makofi, hakuna aliyejua afanye nini, ila watu walikaa pale karibu saa nzima baada ya muda wetu kuisha, na ndo mara ya kwanza nimesikia watu wa chama hiki wanaongelea misiba yao. Wanaotuuliza kwa nini mnalipenda hili jambo la kutisha, mi sasa huwa nawasimulia lile bakuli.

Kuna jambo la kuumiza pia na lazima niliseme wazi. Kwenye kikao kimoja cha katikati ya mwaka mgeni aliyekuja kwa mara ya kwanza alishikwa shingo gizani na mtu wa nyuma yake, kwa nia ya kumshtua, na alipotoka nje anatetemeka kuna waliocheka. Hakurudi. Nilimtafuta nikamuomba radhi kwa niaba yetu wote, akanijibu kwa upole kwamba alikuja kuogopa muvi, hakuja kuogopa watu. Jamani. Ile hofu ya kwenye skrini tunaifurahia kwa sababu mwili unajua uko salama, moyo unaenda mbio lakini kiti ni kilekile na mlango uko palepale, ukimgusa mtu gizani umemnyang'anya hicho. Kwa hiyo kamati imeamua na haitarudi nyuma, hakuna kumgusa mtu taa zikiwa zimezimwa, anayetoka nje hachekwi wala haulizwi, na viti viwili vya karibu na mlango vinabaki kwa yeyote anayetaka njia fupi.

Hili la kipimo cha hofu si maneno yangu tu. Kuna utafiti ulitoka 2020, watafiti wa Denmark waliwavalisha watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakawaingiza kwenye nyumba ya vitisho ya kulipia, na wakaona raha inapanda pamoja na hofu hadi mahali fulani, ikizidi hapo raha inaanza kushuka. Hofu kidogo inaboa, nyingi kupita kiasi inaumiza, katikati ndo penyewe. Na hapo katikati kila mtu ana pake. Yule anayelala fofofo baada ya The Exorcist asimdharau anayetoka nje kwenye muvi tulivu kama The Others, wote wawili wanatafuta hapo katikati ila pa mmoja pako juu na pa mwingine pako chini.

Mengine kwa haraka. Kuchelewa kumezidi, na nawakumbusha kwamba Psycho ilipotoka 1960 mwongozaji wake, Hitchcock, alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia baada ya muvi kuanza, na watu walipanga foleni kumtii, kwa hiyo na sisi kuanzia sasa mlango unafungwa taa zinapozimwa, kutoka ruksa, kuingia hapana. Ombi la kuonyesha muvi kumi na mbili badala ya kumi na moja limekubaliwa. Get Out ya Jordan Peele imeombwa na watu wengi mno kurudiwa, itarudiwa, maana kila ukiitazama mara ya pili unaona zile tabasamu za mwanzo zilikuwa zinasema nini. Na kwa wanaouliza habari za ruhusa ya kuonyesha, kamati inaendelea kuomba kwa kila muvi inayohitaji, ila Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, huko Marekani ni mali ya umma tangu ilipotoka, kwa sababu msambazaji alibadilisha jina la muvi na kwenye jina jipya tangazo la hakimiliki halikuwekwa. Romero na wenzake walipoteza pesa nyingi kwa kosa lile, na inaniuma kila nikiikumbuka, lakini pia ndo sababu zombi wake walienea dunia nzima bila mtu kuwazuia.

Mwaka mpya tunaanza na Nosferatu ya mwongozaji Murnau, Ujerumani, 1922, haina sauti kabisa. Mjane wa mwandishi Bram Stoker alishtaki kwamba wameiba Dracula, riwaya ya marehemu mumewe, akashinda, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, na tunaiona leo kwa sababu kuna nakala zilizokuwa zimeshatawanyika. Baada ya yale ya spika nataka tujipime, tuone kama kivuli kinachopanda ngazi bila muziki wowote kinaweza kutupandisha miguu juu ya viti, halafu tutakirudia kipande hichohicho na muziki.

Aliyeichagua ni yule dada wa kikaratasi. Safari hii amesema ana mengi ya kusema, kwa hiyo fikeni mapema.