Kabla ya kuagiza virusi wa tiba, kidonda kichukuliwe sampuli ipasavyo

Ndugu Mhariri,

Habari za bakteriofaji (kwa kifupi faji), virusi wanaoua bakteria, zinasambaa siku hizi kana kwamba tiba ya vidonda sugu imeshapatikana na kilichobaki ni kuiagiza. Sisi tunaofunga vidonda vya kisukari, vya moto na vya ajali tunaipokea habari hiyo kwa furaha, ila inaruka hatua ambazo zikikosekana dawa hiyo itashindwa.

Ilishawahi kushindwa. Kuanzia 2015 hadi 2017, hospitali za Ufaransa na Ubelgiji zilijaribu mchanganyiko wa aina 12 za faji kwa wagonjwa waliokuwa na vidonda vya moto vyenye Pseudomonas, yule bakteria anayetoa usaha wa kijani. Ilikusudiwa kila mililita iwe na faji milioni moja. Dawa ikapoteza nguvu ingali kwenye chupa, wagonjwa wakapata faji kati ya 10 na 100 tu kwa mililita. Krimu ya zamani ya silva salfadiazini ikazishinda: ilipunguza bakteria kwa takriban saa 47, faji zikachukua 144. Upande wa pili, ripoti ya 2024 ya wagonjwa 100 waliohudumiwa kupitia wataalamu wa Ubelgiji, wakiwemo wagonjwa wa mapafu na mifupa, ilionyesha kuwa zaidi ya robo tatu walipata nafuu, na bakteria waliisha kwa urahisi zaidi pale faji zilipokwenda pamoja na antibiotiki. Kwa hiyo anayetangaza kwamba antibiotiki zimepitwa na wakati anawapotosha wasomaji.

Faji huchagua mno. Inayoua Pseudomonas wa mgonjwa huyu inaweza isimguse wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Lazima bakteria wa mgonjwa mwenyewe waoteshwe maabara, faji idondoshwe juu yao, na pale inapofanya kazi panabaki doa tupu kwenye sahani. Bila kuotesha, hakuna tiba ya faji. Na hapo ndipo sisi tunapokwama, kwa sababu sampuli nyingi zinaharibika kabla hazijafika maabara.

Kosa kubwa ni kuzamisha pamba kwenye usaha uliokaa juu. Pale wamejaa bakteria wapita njia. Osha kwanza kidonda kwa maji ya chumvi ya dripu, ondoa nyama iliyokufa, kisha chagua eneo la nyama hai lenye upana wa sentimita 1 ya mraba. Bonyeza kijiti cha pamba hapo na kukizungusha kwa sekunde 5 mpaka majimaji ya ndani yatoke. Fanya hivyo kabla ya kuanza au kubadili antibiotiki, na andika kwenye fomu kidonda kiko wapi na mgonjwa ameshatumia dawa gani. Kidonda kisicho na dalili za maambukizi kisichukuliwe sampuli. Kitaotesha kitu, na daktari atashawishika kutibu bakteria wasiomdhuru mgonjwa.

Jambo la pili ni utando. Bakteria wa kidonda cha muda mrefu hujifunika kwa ute mzito ambao antibiotiki hupenya kwa shida. Ukikwanguliwa vizuri huanza kujijenga tena ndani ya siku moja hadi tatu, na muda huo mfupi ndio wa kuweka dawa yoyote, iwe ya zamani au mpya. Kukwangua leo na kuweka dawa wiki ijayo ni kumtesa mgonjwa bure. Faji ikija, kidonda kisioshwe kwa ayodini wala klorini muda huo, maana huziua faji zenyewe.

Wakati tunasubiri, ipo asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. Utafiti wa maabara uliofanyika Birmingham na kuchapishwa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 0.31 ilitosha kuzuia utando wa bakteria wengi wa vidonda vya moto. Famasia ya hospitali inaweza kuandaa ya asilimia 1: sehemu moja ya asidi ya asilimia 5 kwa sehemu nne za maji safi yaliyotakaswa. Shashi iloweshwe, ikae juu ya kidonda dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, na baada ya wiki moja kidonda kitathminiwe upya. Itawasha; ikizidi, ipunguzwe hadi asilimia 0.5. Siki ya dukani isitumike nyumbani, kwani si safi kwa kiwango cha tiba. Mgonjwa mwenye homa, au mwenye wekundu unaopanda mguu, anahitaji antibiotiki ya mwilini haraka, si kulowesha shashi.

Kuhusu kufungua kapsuli za antibiotiki za rangi mbili na kumwaga unga kwenye kidonda: unga huo huganda, huficha usaha, na dozi yake haijulikani, hivyo bakteria wanaonusurika ndio wanaobaki kuzaana.

Tunaomba waganga wakuu wa mikoa wahakikishe kila hospitali ya rufaa inaotesha usaha siku zote saba za wiki na kutoa majibu ndani ya siku tatu, na wafamasia wake wapewe asidi ya asetiki ya kuandaa dawa hiyo.

Wauguzi na wafamasia wa chumba cha vidonda,
Morogoro